Raifo ya mzee iko Kondoa, wewe uko Leicester: ipime hivi kabla haijabadilishwa

"Kaka, shikamoo. Kuna mtu wa Manyoni anaitaka ile bunduki ya mzee. Anatoa pikipiki na ng'ombe wawili juu. Nimwambieje?"

Ujumbe wa namna hii ukimfikia mtu aliye ughaibuni, mara nyingi hujibu "mpe tu", kwa sababu silaha kwenye nyumba ya marehemu ni kero. Mwingine hukimbilia intaneti, akakuta bunduki ya kiwanda cha Kiingereza cha Rigby imenadiwa London kwa maelfu ya pauni, akaanza kuhesabu viwanja. Wote wawili hawajapiga hesabu ya Dodoma. Kule bei haitokani na umri wa bunduki wala na mnada wa Ulaya. Inatokana na karatasi, risasi, na hali ya mtutu, kwa mpangilio huo huo.

Tuanze na karatasi. Leseni ya silaha Tanzania ni ya mtu, si ya ukoo. Mwenye nayo akifariki, bunduki haihamii kwa kaka mkubwa kama shamba la zabibu. Silaha ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hatua ya kwanza ya familia ni kutoa taarifa polisi, kisha kufuata maelekezo yao kuhusu mahali pa kuihifadhi. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Anayenunua lazima awe na ruhusa yake mwenyewe, na maombi hayo huanzia serikali ya kijiji au mtaa na kupanda ngazi kwa ngazi. Kubadilishana uani, pikipiki huku na raifo kule, ni kosa kwa wote wawili, na atakayelala mahabusu ni mdogo wako, si wewe. Bunduki isiyo na leseni ina bei ya sifuri, hata iwe imetengenezwa na Holland & Holland.

Kwa hiyo omba picha mbili kabla ya swali lolote la bei: leseni, na namba iliyogongwa kwenye chuma. Zilinganishe tarakimu kwa tarakimu. Leseni za zamani ziliandikwa kwa mkono, na 3 iliyosomwa kuwa 8 inatosha kukwamisha uhamisho wote.

Kama ni gobore, ishia hapo. Suala lake ni la polisi, si la bei.

Risasi ndizo zinazowashangaza wengi. Kipimo cha risasi huwa kimegongwa kwenye mtutu, karibu na chemba, yaani pale risasi inapokaa. Ikiwa pameandikwa .375 H&H, mna kitu mkononi: risasi hiyo ilitoka 1912 na mpaka leo inatengenezwa na viwanda vingi, na ndiyo wawindaji wanaoingia mapori ya akiba ya Rungwa au Kizigo huihesabu kuwa kiwango cha chini kwa nyati. Raifo ya Brno ZKK 602 iliyochubuka kitako lakini ya .375 itapata mtu haraka kuliko raifo nzuri ya Kiingereza ya Westley Richards ya .318, ambayo risasi zake ni za kutafuta kwa tochi. Ya 9.3x62, risasi ya Kijerumani ya 1905, nayo bado inapatikana. Lee-Enfield ya .303 ina historia ya vita viwili vya dunia, ila historia haiui nyati, na mnunuzi wa Manyoni hataki kulipia makumbusho.

Kwa Winchester Model 70, raifo ya Kimarekani, angalia namba tena. Zilizo chini ya takriban 700,000 ni za kabla ya mabadiliko ya kiwanda ya 1964, na wanaojua huzilipia zaidi.

Sasa mtutu. Hapa picha za simu hazisaidii sana. Mlipe fundi bunduki mwenye kibali aikague polisi wakiwa na taarifa. Afungue bolti (kile chuma cha kuvuta kinachofunga chemba), ahakikishe chemba ni tupu, kisha aangalie kwa mwanga kutokea nyuma. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu iwe na kingo kali. Risasi za kijeshi za zamani ziliacha chumvi ndani, na chumvi huvuta unyevu. Bunduki isiyosafishwa siku ile ile ilipopigwa hupata vishimo vya kutu ambavyo hakuna mafuta yatakayoviondoa. Mdomo wa mtutu nao huliwa na fimbo ya kusafishia, hasa kwa aliyekuwa akisafishia mbele. Namba ya bolti ilingane na ya mwili. Isipolingana, ina maana bolti ilibadilishwa, na fundi lazima apime kama inafunga vizuri kabla mtu hajaipiga.

Ukame wa Dodoma unaihurumia chuma kuliko hewa ya Tanga, lakini mbao unaitesa. Omba picha ya karibu ya kitako, pale mbao inapokutana na ncha ya nyuma ya chuma. Bunduki zenye teke kubwa hupasuka hapo, na ufa mwembamba kama unywele hufichwa kwa urahisi na rangi ya kiwi. Ndiyo maana nawaambia ndugu: msiipake kitu, msiisugue kwa msasa ili "ing'ae". Ile rangi ya bluu-nyeusi ya kiwandani ikishaondoka, bei imeondoka nayo.

Usiwaze kuisafirisha uje uiuzie huku Uingereza bila kuuliza. Mbali na vibali vya silaha vya nchi zote mbili, baadhi ya raifo za Kiingereza za zamani zina tone la pembe ya ndovu kwenye kilengeo cha mbele. Dogo kama punje ya mtama, lakini mpakani ni pembe ya ndovu.

Kuhusu ile pikipiki: mwambie mdogo wako athaminishe kila upande kwa shilingi kwanza, na iandikwe kwenye mkataba wa msimamizi wa mirathi. Kadi ya pikipiki ibadilishwe jina siku ile ile silaha inapokabidhiwa mbele ya polisi, na ng'ombe wasitoke Manyoni bila kibali cha kusafirisha mifugo.