Vyama viwili, saiti moja: jinsi ya kupeleka mgogoro wa kutambuliwa CMA Arusha

Naandika nikiwa katibu wa tawi kwenye saiti moja ya ghorofa huku Njiro. Tumemalizana na CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, wiki iliyopita. Zaidi ya siku 40 zilitupotea bure kwa sababu ya karatasi mbili ambazo hakuna aliyetuambia uzito wake, na kwa fundi anayelipwa kwa kutwa siku 40 ni nyingi mno.

Ugomvi ulianzia madirishani. Zamani fremu zilikuwa za mbao na maseremala wa saiti ndio waliozifunga. Mwajiri akafungua karakana ya aluminiamu Unga Limited. Vijana wanakata na kuunganisha kule, kisha wanapanda Fuso pamoja na fremu zao kuja kufunga. Maseremala wako chama cha ujenzi, vijana wengi wako chama cha viwanda. Siku fomani alipowapa vijana ghorofa ya tatu yote, maseremala walikaa kwenye ngazi, nyundo mikononi, hawasemi neno. Wana haki ya kuumia, maana madirisha yale ndiyo ada za watoto wao. Vijana nao wana hoja: kioo wakifunge wengine, kikipasuka wanakatwa wao.

Eleweni kwanza kwamba sheria yetu haigawi kazi kwa chama. Wapo waliotuletea mfano wa Marekani, ambako vyama vya ufundi vikigombea kazi kwa vitisho vya mgomo, Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi inaweza kuamua kazi ni ya nani chini ya kifungu cha 10(k) cha sheria yao ya kazi, baada ya kuwapa siku 10 za kupatana wenyewe. Huku mlango huo haupo. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinachogombewa ni kutambuliwa: chama chenye wanachama walio wengi ndani ya kundi la majadiliano, yaani wafanyakazi wanaojadiliana na mwajiri kwa pamoja, ndicho kinachozungumza na mwajiri kwa niaba ya kundi zima. Habari ya nani afunge dirisha inaingia baadaye, kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri. Kwa hiyo swali lenu la kwanza ni hili: karakana na saiti ni kundi moja au mawili? Kubalianeni jibu tawini kabla hamjagusa fomu yoyote. Na msiweke zana chini mkidhani mtaharakisha mambo. Mgomo una taratibu zake, na mkizikiuka mtakuwa mmempa mwajiri sababu ya kuwaondoa.

Notisi ya kutaka kutambuliwa inapelekwa kwa mwajiri kwenye fomu yake maalumu, na chama ndicho kinachoisaini. Mwajiri ana siku 30 za kukutana nanyi. Zihesabuni zote. Hata akiwaambia kwa mdomo siku ya kumi kwamba hawatambui, ama atoe jibu hilo kwa maandishi, ama msubiri siku ziishe. Tarehe ya mgogoro kuzuka mtakayoiandika CMA ni ile ya siku hizo kwisha bila makubaliano, wala si siku mliyogombana saiti. Kuanzia hapo mna siku 60 za kufungua shauri. Zikipita, mtalazimika kwanza kuomba kusamehewa kuchelewa, tena kwa sababu zenye ushahidi.

Sasa idadi ya wanachama, na hapa ndipo karatasi ya kwanza ilipotuumiza. Tulihesabu fomu 41 za makato, zile ambazo mwanachama anaidhinisha akatwe ada ya chama kwenye mshahara, tukaona tumeshinda. Mbele ya msuluhishi upande wa pili ukatoa fomu zake, na majina 9 yalikuwa kwetu na kwao pia. Wenye majina hayo hawakudanganya. Walijiunga kule wakati wanaajiriwa, wakahamia kwetu, ila hakuna aliyewaambia kwamba kusitisha idhini ya makato kunataka notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama unachokiacha. Bila barua hiyo, chama cha zamani kinaendelea kuwahesabu. Kaeni na kila mwanachama mmoja mmoja, mwombeni salari slipu, muone anakatwa na nani. Aliyekuwa kwingine aandike barua leo, apate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, ndipo mumhesabu mwezi ukishapita. Mzee mmoja wetu wa zege hajui kusoma. Alinishika mkono akaniuliza, "Katibu, kwani ile saini yangu ya kwanza bado iko hai?" Ilikuwa hai.

Fomu ya kufungua shauri ni CMA F.1, na hailipiwi. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu, iacheni wazi. Kwenye matokeo mnayotaka msiandike "haki itendeke". Andikeni chama gani kitambuliwe, kwa kundi lipi, kwenye maeneo yapi ya kazi.

Karatasi ya pili ni uthibitisho kwamba nakala imefika kwa kila upande, na Tume haiwezi kuendelea bila kuridhika na hilo. Sisi tulimpelekea mwajiri, akagonga muhuri vizuri. Chama cha pili tuliona hatukishtaki, basi nakala yake nikampa mwakilishi wao hapo hapo saiti, akaikunja akaitia mfuko wa ovaroli. Siku ya usuluhishi hakutokea mtu wao, nami sikuwa na saini wala muhuri. Msuluhishi alinieleza kwa upole kwamba hawezi kugawa wanachama wa watu wasiokuwepo, akaahirisha. Chama kinachogombea kundi lile lile kiandikeni kama upande wa shauri tangu mwanzo. Nakala ipelekeni ofisini kwao mkiwa na kitabu cha dispachi, apokeaye aandike jina, cheo, tarehe na saa. Wakikataa kupokea, nendeni Posta pale Mnara wa Saa mkaitume kwa rejista, na risiti ile muitunze kama hati ya kiwanja. Wakati sisi tunarudia hatua hii, mikataba ya vijana 6 wa aluminiamu iliisha, wakaondoka bila kusikilizwa. Hilo bado linaniuma.

Usuluhishi wenyewe, pande zote zikiwepo, ulichukua asubuhi mbili. Tulikubaliana makundi mawili: karakana kwao, saiti kwetu. Anayefunga dirisha ghorofani kwa zaidi ya nusu ya siku zake za kazi za mwezi anahesabiwa wa saiti, na fremu zikifika, kila timu ya kufunga iwe na seremala mmoja. Kama ingeshindikana, tungekwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ambayo inaweza kuagiza wafanyakazi wapige kura.

Msitoke hapo bila nakala ya makubaliano yenye saini zote. Toeni kopi, moja ibandikwe mlango wa stoo ya simenti ambako kila mtu hupita. Mwisho wa mwezi kusanyeni tena salari slipu mwangalie makato yanaelekea wapi. Zetu zinatoka tarehe 28.