Meko umeziba, tundu la hewa umeacha?

Ukihamia nyumba kuukuu huku kwenye baridi, sebuleni utakuta meko ya ukutani ambayo haijaona moto miaka na miaka, na kibaridi kinashukia humo usiku kucha. Usizibe kabisa. Narudia: usizibe kabisa.

Mimi niliziba. Ubao, povu, silikoni pembeni, nikajipongeza. Msimu wa baridi wa pili, ukutani juu ya meko, usawa wa kichwa changu, likatokea doa la rangi ya chai. Shemeji akaliona kwenye simu: "Piga rangi, litaisha." Shemeji, nakupenda, ila nilipiga mara mbili na doa likarudi na wadogo zake.

Kilichoniuma zaidi ni kampuni ya kutibu unyevu. Kijana wao alibandika kijimashine ukutani, kikalia, akatangaza kuwa maji yanapanda kutoka ardhini. Nikalipa, wakadunga dawa chini ya ukuta. Unyevu wa ardhini kwa kawaida hauvuki mita moja hivi. Doa langu lilikuwa usawa wa kichwa na chini kukavu! Mpimaji akiwa ndiye muuza dawa, usitie saini. Huku hawakulizi kwa kelele. Wanakupa karatasi yenye nembo, nawe mgeni unaona haya kuuliza.

Aliyenifumbua macho ni mzee msafisha dohani, ile njia ya moshi inayopanda kutoka mekoni hadi juu ya paa. Masizi ya zamani yana chumvi zinazonyonya maji. Mvuke wa nyumbani ukipenya ndani ya dohani hukutana na matofali baridi, ukageuka maji. Mvua nayo huingia kwa juu. Hewa isipopita, hakuna kinachokauka, na chumvi hupenya hadi kwenye plasta. Rangi hapo haifui dafu.

Dohani isafishwe kwanza. Juu ivikwe kofia inayozuia mvua lakini inapitisha hewa. Chini, toboa ubao uweke kimia cha hewa. Vyote viwili, jamani. Kofia bila tundu la chini ni kazi bure. Plasta iliyokunywa chumvi ing'olewe. Mpangaji, omba ruhusa kwa maandishi.

Kama kuna hita ya gesi inayotolea moshi humo, au jirani anatumia dohani hiyohiyo, usiguse kitu mpaka fundi mwenye leseni aangalie. Kaboni monoksidi haina harufu.

Shemeji bado anauliza kwa nini nimetoboa ubao mzuri.