Kutambua Utapiamlo Mkali kwa Mtoto wa Miezi 6 hadi 59: Miguu Kwanza, Mizani Baadaye

Mpangilio wa hatua hizi ni wa makusudi. Mtoto mwenye unyafuzi (utapiamlo mkali wenye uvimbe) hujaa maji mwilini, hivyo uzito wake waweza kuonekana wa kuridhisha ilhali hali yake ni mbaya mno.

Hatua ya 1: Kagua uvimbe. Mvue mtoto viatu na soksi, kisha bonyeza kwa dole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili, kwa nguvu ya wastani isiyobadilika, kwa sekunde 3. Ukiachia, tazama na pia pitisha kidole taratibu, maana penye mwanga hafifu kishimo kidogo hutambulika kwa kugusa kuliko kwa macho. Kishimo kikibaki miguu yote miwili, na ugonjwa wa figo au wa moyo haupo, huo ni utapiamlo mkali hata kama vipimo vingine vyote ni vya kawaida. Uvimbe wa mguu mmoja una chanzo kingine, kama vile jeraha au maambukizi.

Hatua ya 2: Pima mzingo wa mkono wa kushoto. Tafuta katikati ya ncha ya bega na kiwiko mkono ukiwa umekunjwa, kisha uunyooshe na uuache ulegee kabla ya kuzungusha utepe, usibane wala usiache nafasi. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. 115 hadi 124 ni wa kadiri.

Hatua ya 3: Pima uzito na urefu. Aliye chini ya miaka 2 hupimwa amelala, mkubwa zaidi amesimama. Uzito kwa urefu ukiwa chini ya Z-skoa -3 (Z-skoa huonyesha mtoto yuko mbali kiasi gani na wastani wa watoto wa urefu wake), utapiamlo ni mkali. Usiiruke hatua hii kwa kuwa mkono umesoma vizuri, kwani vipimo hivi viwili haviwanasi watoto walewale siku zote, na kimoja kinatosha kuthibitisha.

Hatua ya 4: Amua mahali pa matibabu. Mpe mama chakula dawa (chakula cha tiba kilicho tayari kuliwa) amlishe mwanawe mahali patulivu, bila kumlazimisha. Anayekataa kula hulazwa, sawa na mwenye degedege, anayetapika kila kitu, aliyelegea mno, au mwenye joto la kwapani chini ya nyuzi 35. Pima sukari ya damu papo hapo: ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita na mtoto ana fahamu, mpe mililita 50 za glukosi ya asilimia 10 kwa mdomo. Pasipo na kipimo, mtibu kana kwamba sukari imeshuka.