Kabla hujapanda ndege kwenda Muscat: jitayarishe hivi

Nilifanya kazi za ndani Muscat miaka sita, nikarudi Wete salama. Siku hizi wasichana wa mtaani huja barazani kwangu wakaniuliza wafungashe nini. Mabegi yangoje kwanza.

Hatua ya 1: Mtafute mtu wa nyumbani wa kuishika safari yako

Awe mmoja, apokee simu hata usiku wa manane, na asiwe mropokaji. Mimi nilimchagua dada yangu mkubwa. Mwachie fotokopi za pasipoti, viza, tiketi na mkataba, jina la wakala, na anwani ya nyumba utakayofikia pamoja na namba ya tajiri. Wakala akikwambia "anwani utapewa ukifika", usisafiri.

Kisha patana na huyo mtu wako wa nyumbani neno la siri. Waomani wengi, hasa wenye asili ya Unguja na Pemba, wanakisema Kiswahili vizuri, kwa hiyo usidhani ukizungumza lugha yetu hakuna anayekufahamu. Sisi tulipatana kwamba nikiuliza, "Karafuu za babu zimeshaanikwa?", basi nina shida na siwezi kuisema. Nililitumia mara moja tu. Nilikuwa nimekaa miezi mitatu bila mshahara, na simu nikipewa dakika chache huku mama mwenye nyumba amekaa ubavuni. Dada alielewa palepale. Asubuhi akaupigia ubalozi wetu Muscat, karatasi zote zimetandazwa mbele yake: jina langu, namba ya pasipoti, mtaa, mkataba. Bila ya zile fotokopi angeanzia wapi?

Hatua ya 2: Usomewe mkataba neno kwa neno

Ukiwa kwa Kiarabu, mpelekee ustadhi unayemwamini, asiwe jamaa wa wakala. Tazama mshahara umeandikwa riali ngapi, siku ya kupumzika ni ipi, tiketi ya kurudi analipa nani. Tazama na viza pia. Viza ya matembezi si ya kazi. Ukifanya kazi nayo wewe ndiye uliyevunja sheria, na kudai haki yako kutakuwia vigumu sana. Na kumbuka kuwa pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania, tajiri hana haki ya kuifanya amana yake.

Hatua ya 3: Pasipoti, chanjo na dawa

Pasipoti iwe na miezi 6 au zaidi kabla ya kwisha muda. Ukitakiwa kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, chanja mapema, maana huanza kukubalika siku ya 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo moja hutosha maisha yote. Dawa zako zibaki kwenye paketi zake, na cheti cha daktari juu yake. Tramadol na dawa zenye kodeini zinadhibitiwa vikali nchi za Ghuba, na mirungi ni marufuku kabisa. Furushi la mtu usilibebe, hata awe shangazi yako, mpaka ulifungue mwenyewe ulione la ndani.

Hatua ya 4: Siku za mwisho

Anayetoka Pemba asipange boti na ndege siku moja. Bahari ikichafuka boti haiondoki Mkoani, na ndege haikungoji. Lala Unguja japo usiku mmoja.

Namba zako ziandike kwenye daftari, kwa sababu simu huweza kuchukuliwa: ya dada, ya ubalozi, na 9999 ya polisi wa Oman. Ziweke na kichwani. Wenzetu wako mbele kwa saa moja, na Ijumaa na Jumamosi ofisi zao za serikali hufungwa.

Ukifika, piga simu usiku huohuo hata ukiwa hoi. Mwambie dada yako geti la nyumba lina rangi gani, msikiti wa karibu unaitwaje, na duka la kona lina jina gani. Naye aandike.