Acha kujaza div: ukurasa wa gesti kwa HTML yenye maana

Nimekabidhiwa ukurasa wa gesti moja niuweke sawa. Kwa macho umependeza. Ndani ya HTML yake, yaani msimbo unaounda ukurasa, ni div juu ya div, visanduku visivyosema kilichomo ni nini: menyu ni div, chumba ni div, hata "Weka nafasi" ni div iliyopakwa kijani. Kazi kama hii naianza kwa kuzima CSS, yaani maagizo ya rangi na mwonekano. Kikibaki kichwa, menyu, vyumba na bei kwa mpangilio unaoeleweka, mifupa ipo.

Mstari wa kwanza kabisa: `<html lang="sw">`. "sw" ni Kiswahili; violezo vingi huja na "en", Kiingereza, na watu huiacha hivyohivyo. NVDA, programu ya bure ya kusomea skrini kwenye Windows, huangalia hapo ichague lugha ya sauti. Ukiiachia "en", "chumba cha watu wawili" kitasomwa kizungu, na hata mwenye gesti hatakielewa.

Jina la gesti na menyu viingie kwenye `<header>`, menyu yenyewe ndani ya `<nav>`. Simu na anwani ni `<footer>`. Katikati weka `<main>`, moja tu, na humo kila chumba kiwe `<article>` chenye kichwa chake, `<h2>`. Bei na huduma za chumba hicho zipate `<h3>`, kichwa cha ngazi ya chini yake. Usichague `<h4>` eti maandishi yake ni madogo. Udogo ni kazi ya CSS. Anayetumia NVDA hubonyeza H kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, kwa hiyo ukiruka ngazi anadhani kuna kitu kimempita.

`<section>` mimi huibania. Kama kipande hakistahili kichwa chake, div inatosha, na kupanga safu mbili kwa div si dhambi.

Penye balaa hasa ni kitufe:

`<div class="kitufe" onclick="wekaNafasi()">Weka nafasi</div>`

Kwa kipanya kinafanya kazi. Bonyeza Tab: kinarukwa kama hakipo. Kiandike hivi:

`<button type="button" onclick="wekaNafasi()">Weka nafasi</button>`

Sasa Tab inakifikia, Enter na Space zinakibonyeza, na NVDA inamtajia msikilizaji kwamba hiki ni kitufe. Hayo yote hujayaandikia JavaScript, msimbo wa kuupa ukurasa vitendo. Ila kama kinampeleka mtu ukurasa mwingine, hicho ni kiungo, tumia `<a href>`.

Kuna kimoja nakipenda kwa sababu ya saa zetu: `<time datetime="10:00">saa nne asubuhi</time>` kwa muda wa kuachia chumba. Mgeni anasoma saa nne, mashine inapata 10:00.

Ukimaliza, weka kipanya pembeni, ujaribu kuweka nafasi kwa Tab na Enter pekee. Utakapokwama, fungua msimbo wa sehemu hiyo. Mara nyingi utakuta div inayojifanya kitufe.