Umeumia kazini Texas? Jinsi ya kudai fidia, na fomu ya kuichunga kuliko zote

Texas si kama majimbo mengine. Hapa mwajiri binafsi halazimishwi na sheria kukata bima ya fidia ya wafanyakazi, kwa hiyo kabla hujagusa fomu yoyote, kasome ule ukuta wenye matangazo ambao hakuna anayeusoma. Awe na bima au asiwe nayo, mwajiri anatakiwa kubandika tangazo linalosema hivyo. Kama hana, fomu nitakazotaja hazikuhusu. Tafuta wakili, maana njia yako ni kumshtaki kwa uzembe, na sheria imemnyang'anya mwajiri wa aina hiyo ule utetezi wa "mwenyewe hakuwa makini".

Kama ana bima, mjulishe ndani ya siku 30. Kwa mdomo inakubalika, ila masupavaiza husahau ghafla wakipigiwa simu na bima, kwa hiyo tuma meseji yenye tarehe. Taja kila kiungo kinachouma, hata kile kinachouma kidogo. Ukiandika "mgongo" peke yake, bega likianza kusumbua baadaye utaulizwa limetokea wapi.

Kisha jaza DWC-041 uipeleke DWC, idara ya jimbo inayosimamia fidia. Una mwaka 1 tangu siku uliyoumia. Ofisini watakuambia, "Usijali, tumesharipoti." Ni kweli wameripoti, kwa kampuni yao ya bima. Dai lako kwa jimbo ni jambo jingine, na hawakupelekei wao.

Sasa fomu iliyonigharimu hela: DWC-073. Huijazi wewe, anaijaza daktari akishakuona, na ina sehemu tatu za kuchagua: urudi kazini bila masharti, urudi kwa masharti, au usirudi kwanza. Cheki yako inategemea alama hiyo. Kliniki niliyopelekwa walinipa mkalimani wa simu ambaye sauti yake ilikuwa inakatikakatika. Daktari akataka niinue mkono, nikauinua huku nimekunja uso, naye akatia alama kwenye sehemu ya kwanza. Bima wakasimamisha malipo. Kuirekebisha kukawa kazi kuliko hiyo kazi iliyoniumiza: daktari hapokei simu, karani wake anataka uombe miadi, na bima wanasema wao wanafuata kilichoandikwa.

Kwa hiyo usivuke mlango wa kliniki kabla hujaonyeshwa alama imewekwa wapi. Mweleze daktari kazi yako kwa namba: boksi lina pauni ngapi, unainua mara ngapi kwa saa, unasimama saa ngapi. Masharti kwenye fomu hiyo yanaandikwa kwa pauni na saa. "Kazi yangu ni ngumu" haina mahali pa kujazwa. Na kliniki ya mwajiri si lazima iwe ndiyo ya kukutibu mpaka mwisho. Daktari unachagua mwenyewe, ila kama bima ina mtandao wake, unachagua ndani ya orodha yao.

Ukipewa masharti, tegemea barua ya kukupa "kazi nyepesi", pengine kuhesabu glavu stoo. Usiikatae kwa hasira. Ikiwa inalingana na alichoandika daktari, bima inaweza kuhesabu mshahara wake kana kwamba umeupokea.

Malipo kwa wengi ni asilimia 70 ya kipato kilichopotea. Siku 7 za mwanzo hazilipwi, mpaka ukae nje ya kazi siku 14 au zaidi.

Baadaye itakuja barua ya daktari inayosema umepona kiasi unachoweza kupona, na ndani yake asilimia ya ulemavu. Barua hii haina makelele, inafanana na zile za kuuza bima ya gari. Kila asilimia 1 ni wiki 3 za malipo, kwa hiyo ukipewa 5 ni wiki 15, basi. Kama hukubali, una siku 90 za kupinga. Zikipita, kwa kawaida namba hiyo ndiyo ya kudumu.

Kupinga si lazima ulipe mtu. Ofisi ya jimbo inayoitwa OIEC ina wasaidizi wa bure kwa asiye na wakili, na wanakaa nawe kwenye kikao cha DWC. Mkalimani wa Kiswahili muombe unapoomba kikao, si asubuhi ya kikao.