Majani ya chai hayaoshwi popote, kwa hivyo chunga kile unamwaga shambani

Hebu fuata jani la chai kutoka shambani mpaka kwa kikombe. Linachunwa, linaingia kikapuni, linapimwa baying senta, lori linalipeleka fakitori, huko linanyaushwa kwa upepo wa mashine, linasagwa kwa rola za CTC (mashine inayoponda, kurarua na kukunja jani), linaachwa libadilike rangi, linakaushwa, linachekechwa, linafungwa kwa gunia la karatasi na kuteremka Mombasa mnadani. Umeona maji mahali hapo? Hakuna. Sukuma wiki tunaosha, waru tunaosha, hata ndizi ya kumenya kuna watu wanaosha, lakini chai inaoshwa mara moja tu, ikishaingia kwa sufuria yako, na hayo maji ya kuoshea ndio tunayanywa na mandazi.

Sasa ongeza hesabu hii. Kilo moja ya chai kavu inatoka kwa kama kilo 4 na nusu za majani mabichi. Kinachopotea pale katikati ni maji, dawa nyingi hazipotei nayo, kwa hivyo kitu kilichokuwa kidogo kwa jani bichi kinaweza kuonekana mara nne hivi fakitori ikimaliza kazi yake. Ndio maana chai inaweza kukataliwa huko ng'ambo na mkulima akaapa kwamba alipiga kidogo tu.

Nianze na dawa ya magugu manake hapo ndio tunajikwaa sana. Chai yetu ya nyanda za juu ina bahati, baridi iko, wadudu ni wachache, na wakulima wengi hatujawahi pulizia chai dawa ya wadudu hata siku moja. Lakini glaifosati iko karibu kila boma. Na glaifosati inayeyuka kwa maji vizuri sana, tofauti na dawa zingine za mafutamafuta ambazo sehemu kubwa hubaki kwa majani unayochuja na kutupa. Hii inahamia kwa chai ya kunywa. Ulaya kikomo chake kwa chai ni miligramu 2 kwa kilo. Kuhusu afya wataalamu wenyewe hawajaelewana, 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilisema pengine inasababisha saratani, na mwaka huohuo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema hapana, haielekei. Mimi siogopi kikombe kimoja chenye chembe. Naogopa zaidi yule kijana anayepuliza bila glavu huku amevaa sandali, na naogopa mnunuzi anayepima kabla ya kulipa.

Cha kufanya ni kupunguza kazi ya dawa yenyewe. Chai iliyofunga vizuri juu haiachi mwanga ufike chini na magugu hayapati nafasi, shida iko kwa mapengo, kwa hivyo jaza mapengo na miche kabla hujaenda agrovet. Ukishapogoa usichome matawi wala kuyabeba kuni zote, yatandaze katikati ya mistari yaoze hapo, yanazuia magugu na yanarudisha rutuba. Na kama lazima upulize, wakati wake ni huo baada ya kupogoa, manake utakaa kama miezi mitatu bila kuchuna. Shida ni yule anayepiga Jumatatu na Alhamisi wachunaji wako ndani. Sisi tunarudi kwa kichaka kimoja kila siku 7 hadi 14, kwa hivyo soma siku za kungoja kwa lebo na uzihesabu kweli, si ati kwa kukadiria.

Kuna kitu kingine watu hawafikirii, bomba. Lile bomba la mgongoni lililopiga viwavijeshi kwa mahindi wiki jana ndio hilohilo linaletwa kwa chai, halijasuuzwa, na unashangaa dawa ya wadudu imetoka wapi kwa majani ambayo hukuyapiga dawa ya wadudu. Kuwa na bomba la magugu peke yake. Na jirani akiwa na kabichi au nyanya kando ya mpaka ongea na yeye kwa upole apulize asubuhi upepo ukiwa umelala, pia acha mistari miwili mitatu ya pembeni bila kuchuna hizo siku. Inauma kuacha majani yakomae hapo, najua.

Magugu yenyewe pia ni uchafu hata bila dawa, hii wengi hawajasikia. Kuna lile gugu lenye maua madogo ya samawati na harufu kama ya beberu, Wakikuyu wanaliita gathenge, kwa sayansi ni Ageratum. Lina sumu ya asili ambayo ikiingia mwilini mara kwa mara inaharibu ini. Mchunaji wa mkono akiwa makini analiona analitoa, lakini mashine ya kuchuna haina macho, inakata chochote kilichochomoza juu ya meza, yaani ule usawa wa juu wa chai tunaochunia. Kwa hivyo kama umeingia kwa mashine, pita kwanza shambani ung'oe yote yaliyopanda juu, ndio uwashe.

Halafu floraidi. Mti wa chai ni kama sponji kwa floraidi na alumini, unavuta kutoka ardhini na kuweka kwa majani, na jani likizeeka ndio linazidi kujaza. Chipukizi na majani mawili ya juu yana kidogo, yale magumu ya chini yana nyingi sana. Huko Tibet na Mongolia ya Ndani watu wanakunywa chai ya matofali iliyotengenezwa na majani makuukuu na vijiti, na wameumia mifupa na meno kwa sababu ya hiyo floraidi. Kwetu haiko hivyo, lakini kumbuka Bonde la Ufa lote kuna sehemu maji ya kisima tayari yana floraidi, nenda Nakuru ama Arusha uangalie meno ya watoto. WHO inataka maji yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtu wa huko akichemsha chai ya majani magumu kwa maji hayo anaipata pande mbili, kwa maji na kwa majani. Kumbe ile kelele ya fakitori ya majani mawili na chipukizi si bei peke yake. Tena ukimwaga mbolea ya naitrojeni bila kupima udongo, udongo unazidi kuwa chachu na alumini inafunguka zaidi. Chai inataka pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 4.5 hadi 5.6 hivi, ikienda chini ya hapo punguza hiyo mbolea.

Madini ya risasi ni ya walio kando ya barabara. Petroli yenye risasi iliisha Kenya mwanzoni mwa 2006 lakini iliyoanguka kwa udongo haiendi popote. Ua la miti kati ya lami na chai linasaidia hata kwa vumbi.

Moshi sasa. Fakitori kubwa inachoma kuni kwa boila na kukausha kwa hewa iliyopashwa na mvuke, moshi haufai kukutana na chai kabisa. Wale wa viwanda vidogo vya nyumbani wanaokausha juu ya moto wa kuni ndio wajiangalie, moshi unaacha antrakwinoni, ambayo imo kwa orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani, na kikomo cha Ulaya ni miligramu 0.02 kwa kilo, yaani karibu na hakuna. Kabati lako la kukaushia likiwa na bomba la moshi lililotoboka umemaliza batchi yote. Hata katoni mbaya ya kufungia inaweza kuleta hiyo kitu.

Mamangu miaka mingi alichunia kwa gunia la mbolea. Alilisuuza mtoni, akasema limetakata. Ukilifungua jioni unaona majani yameshika nyuzi za plastiki kama nywele, na hayo ya chini yamepata joto yamekuwa mekundu. Siku hizi amehamia kikapu na neti ya senta, na kwa mlango wa stoo ametundika daftari ya mia mbili: tarehe ya kupuliza, dawa gani, mstari upi, lini kuchuna. Mchunaji yeyote akifika anasoma hapo kwanza, na kama mstari haujafikisha siku anapelekwa upande mwingine hata kama majani yamejaa hadi yanachekesha.